Kisigino cha Evodia

Asubuhi ile Evodia alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mguu wake wa kulia uko juu ya paja la mumewe, na mumewe Calist ana sindano mkononi, anamtoa mwiba. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limetoka. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa, na kwelea kwelea, wale ndege wala nafaka, walikuwa wanapita juu ya kijiji cha Sepuka makundi kwa makundi, wakivuma kama upepo ulioingia kwenye mahindi makavu.

“Chimba basi,” Evodia alisema. “Unanitekenya.”

“Tulia.”

“Nimetulia tangu nilipoolewa. Mwiba wenyewe unauona?”

“Naona weusi.”

“Weusi ni ngozi yangu, Baba Aneth. Miaka yote hii hujaizoea?”

Calist hakucheka, lakini mabega yake yalicheka. Aliipitisha ncha ya sindano kwenye kaa la moto, akainama tena. Katikati ya kisigino palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mtama. Alilikwangua, akachimba pembeni yake, akabinya kwa vidole gumba. Hakikutoka kitu. Hilo halikumtisha. Kule kwao mwiba ni kama salamu, hakuna anayeshinda shambani bila kupewa. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani, ngozi ikafunga juu yake, ukakaa humo hadi siku utakapotoka wenyewe.

“Umekatikia ndani,” alisema. “Utatoka.”

“Na macho yako yamekatikia wapi?”

Evodia akauvuta mguu wake, akatwaa kombeo lake ukutani, akaenda shambani. Alikuwa anaimba kabla hajafika kwenye mgomba wa jirani. Calist alibaki na sindano mkononi, akimsikiliza hadi sauti ilipopotea kwenye mvumo wa ndege.

Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho ambayo kile kitu kilikuwa mwiba wa kutaniana.

Evodia alijulikana kwa kulinda ndege. Wako wanawake waliojulikana kwa pombe nzuri ya mtama, wako waliojulikana kwa kusuka vikapu, yeye alijulikana kwa sauti. Dungu lake lilikuwa refu kuliko madungu yote ya upande ule, limefungwa kamba yenye makopo hadi pembe za shamba, na juu yake alikaa na kibuyu kilichokatwa nusu, kimejaa madonge ya udongo aliyoyafinyanga na kuyaanika mwenyewe. Kombeo alilirusha kwa mkono wa kushoto. Na ndege hakuwafukuza hivi hivi. Aliwapa majina ya watu waliomuudhi wiki ile.

“Ondoka wewe shemeji! Umekula harusini, ukala msibani, na uwele wangu unautaka?”

Mashamba yote yalikuwa yanacheka, na shemeji mwenyewe, kama alikuwa anapita, alikuwa anaongeza mwendo.

Calist mwenyewe alimpata kwa njia hiyo. Alikuwa kijana, anatafuta dume la baba yake lililokatika kamba. Akapita kando ya shamba la kina Evodia, mara donge la udongo likampiga kofia, ikaruka.

“Nilidhani ndege,” binti akasema kutoka juu.

“Ndege mwenye kofia?”

“Siku hizi wanavaa.”

Kesho yake Calist akapita tena palepale. Dume lilikuwa limekwisha patikana, lipo zizini linatafuna. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno, akasimama tu pale chini ameshika kofia. Evodia akamtazama, kisha akamtupia hindi la kuchoma. Mpaka leo ukimuuliza Calist alivyochumbia, atakwambia, “Alinipa hindi.”

Kulinda ndege kule kuna sheria yake. Mashamba yamegusana, na walinzi wanaitana kwa kupokezana, huyu akimaliza kupiga kelele yule anapokea, hadi mwisho wa bonde. Anayenyamaza, ndege wanatua kwake. Wakishashiba na kuzoea hapo, wanahamia kwa jirani, na jirani anashindwa kuwafukuza. Kwa hiyo mtu hashuki kwenye dungu kwa sababu shamba lake limekwisha. Anakaa mpaka wa mwisho avune.

Mwaka mmoja Evodia alikwenda kuzika, kurudi akakuta ndege wamemaliza shamba lote, mabua yamesimama kama vijiti vya kuchokoa meno. Alilia kidogo. Kisha akapanda juu, akaanza kupiga kelele.

“Shuka,” Calist alimwambia. “Tunalinda nini?”

“La kwetu wamelila. La Febronia bado.”

Alikaa juu ya mabua matupu mpaka Febronia, jirani yao, alipovuna. Mwaka ule walikula kwa kugawiwa, na hawakulala na njaa.

Lile doa halikutoka. Liliongezeka. Msimu uliofuata lilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda, limepasuka, linatoa maji. Evodia aliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea kupanda dungu kwa kukanyagia vidole. Halafu ukatokea mtoki kinenani, mgumu kama jiwe la kombeo. Calist aliona ni jambo la kawaida. Nani hajui kwamba kidonda cha mguu huleta mtoki? Mtoki ni dalili kwamba mwili unapigana. Walisubiri upungue. Haukupungua.

Aneth, binti yao aliyeolewa Singida mjini, alikuja Pasaka, akamwona mama yake anavuka uwanja.

“Mama, mbona unatembea kama kuku aliyekanyaga jivu la moto?”

“Mwiba.”

“Wa tangu lini?”

Evodia akamtazama Calist. Calist akatazama zizi. Aneth alifungasha nguo za mama yake palepale, na kesho yake yeye na wazazi wake walikuwa kwenye basi la kwenda hospitali kubwa.

Daktari aliyewapokea aliitwa Derick, kijana mwenye adabu, aliyewaamkia shikamoo hata kabla ya kufungua mlango vizuri. Alikata kile kipande cha kisigino, akautoa na mtoki, akachukua ngozi ya paja akaziba. Siku zilipopita na majibu yakarudi, alikaa kitandani kwa Evodia, hakusimama kama wengine.

“Ni saratani ya ngozi, mama.”

“Si mwiba?” Calist aliuliza.

“Si mwiba, mzee. Haukuwa mwiba tangu mwanzo.”

“Nilichimba kwa sindano.”

“Sindano yako haikuileta. Ulikuta ipo.”

Calist aliinamisha kichwa. Evodia ndiye aliyesema.

“Sasa mwanangu, kitu kimekaa kwenye mguu wangu bila kuniamkia, nami nisikione sura?”

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwishowe walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi maabara, kwa dada mmoja mpole anayeitwa Scholastika, ambaye alimsogezea darubini na kumshusha kiti hadi jicho lake likafika. Calist alisimama mlangoni. Hakutaka kukiona.

“Unaona nini, mama?” daktari akauliza.

“Naona kitenge cha zambarau kilichomwagikiwa mtama.”

“Huo mtama ni askari wa mwili wako. Chembe nyeupe za damu.”

“Wengi hivi?” Evodia akafurahi, kama mtu aliyeambiwa ana ng'ombe asiowajua. Akatazama tena, kwa muda. “Mbona wengi wamesimama pembeni? Adui si yule pale katikati?”

“Ndiye. Na hilo swali lako ndilo tunalokesha nalo. Askari wanamjua mgeni, mama. Kijidudu kikitoka nje, wanakiona kwa ugeni wake. Lakini saratani ni chembe ya mwili wako mwenyewe. Imeharibika, ila imebaki na sura ya nyumbani. Wanaoitambua wapo. Wakiikaribia, inawashika mkono, inawaambia tulieni, mimi ni wa hapa.”

“Kwa hiyo ni wavivu.”

“Hapana, mama. Si wavivu. Hawa hapa waliingia mpaka ndani wakapigana. Wamepigana muda mrefu mpaka wameishiwa nguvu. Na hawa wakubwa wakubwa, unawaona? Kazi yao moja ni kuponya vidonda. Saratani imewageuza. Wanaihudumia kama kidonda, wanaijengea mishipa ya damu, wanailisha.”

Evodia akaondoa jicho kwenye darubini.

“Wanampikia adui,” alisema. “Jikoni kwangu.”

Daktari alieleza na lililobaki. Mtoki ndiyo kambi ya askari hao, na kambi ilikuwa imekwisha ingiliwa. Ziko dawa, alisema, zinazoufungua ule mkono ulioshikwa, askari wakaamka. Wako wagonjwa zimewasaidia sana. Lakini kwa saratani hii ya nyayo, inayowapata watu wetu, mara nyingi hazifanyi kazi kama kwa ile ya wazungu inayoletwa na jua, na sababu yake bado haijajulikana vizuri. Hospitalini pale dawa hizo hazikuwepo.

“Vipande vya nyayo vilivyochunguzwa ni vichache,” alisema. “Ningeomba hiki cha kwako kibaki. Tukiangalie pamoja na vya wengine, tujue askari wanazuiwa na nini.”

“Hapana,” Calist alisema kutoka mlangoni.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike maabara, wote wakageuka.

Katika ukoo wa Calist, kinachokatwa mwilini mwa mtu kinarudi nyumbani kwake. Baba yake alikatwa kidole na shoka, kidole kikazikwa nyuma ya zizi, kikawekewa jiwe. Mzee alipofariki, kaburi lake likachimbwa hapohapo, ili alale amekamilika. Ndiyo maana Calist, akihofia kwamba watamkata, alikuwa amesafiri na chungu kidogo chenye udongo wa Sepuka, mdomo wake umefungwa kitambaa. Mle ndimo kisigino cha mke wake kingerudi.

Daktari hakubishana naye. “Ni haki yenu, mzee. Tumekihifadhi ndani ya nta. Kitakaa hapo mpaka mseme. Mkikubali, tutafanya kazi. Mkikataa, njooni mkichukue, sitakigusa.”

Kwenye basi Calist alipakata chungu chake, kikiwa na udongo tu. Evodia alimwacha anune mpaka walipoona majabali ya Singida.

“Baba Aneth.”

“Mm.”

“Unaogopa nini?”

“Utafika kule mbele unachechemea.”

“Nitakusubiri unibebe. Wewe si utakuja?”

Watu wa viti vya mbele walicheka. Calist aliangalia nje, na mabega yake safari hii hayakucheka.

Evodia hakupanda tena dungu. Msimu ule Calist alipanda yeye, mzee mzima, akipiga kopo bila kusema kitu, na ndege wakamzoea haraka. Evodia alikuwa anamsikia kutoka mlangoni, anashindwa kuvumilia.

“Watukane!” alikuwa anapaza sauti. “Ndege hawaogopi bubu!”

Jioni Calist akishuka walikuwa wanakula pamoja, na mara nyingine mazungumzo yakarudi palepale.

“Mwambie yule kijana akiangalie,” Evodia alikuwa akisema. “Mimi shamba langu limekwisha liwa. Nikinyamaza, ndege wanakwenda kwa Febronia.”

“Febronia haumwi.”

“Febronia yeyote, mume wangu. Yuko mwingine huko ana doa, mumewe anamchimba kwa sindano.”

Calist hakukubali. Usiku wa kila mazungumzo hayo alimfikiria baba yake na kidole chake. Alimfikiria Evodia ndani ya udongo, mguu mmoja mfupi, na sehemu yake iko kwenye kabati la watu wasiomjua.

Halafu kikaja kikohozi. Pumzi ikawa fupi. Evodia akawa anaanza kumtukana ndege na kumalizia kesho yake. Calist akaona wakati unakwisha. Aneth alikuwa amekuja kumuuguza mama yake, kwa hiyo Calist akamwachia kazi za nyumba, akachukua kile chungu.

“Naenda kukileta,” alisema.

Alidhani mkewe atamzuia. Evodia alimrekebisha kola ya shati tu.

“Nenda. Lakini kabla hujakichukua, kiangalie. Siku ile ulisimama mlangoni kama mkwe.”

Alisafiri peke yake. Daktari Derick alimtambua, akamwamkia, akakiona chungu, akaelewa. Hakusema neno la kumbembeleza. Scholastika alileta kidude kidogo cha plastiki, ndani yake kuna nta, na ndani ya nta kuna kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Calist alikigeuza mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua kisigino. Kisigino alichokijua yeye kilikuwa kipana, chenye nyufa alizozipaka mafuta ya alizeti wakati wa kiangazi, na kilikanyaga ardhi kwa kishindo hata ukajua mwenye nyumba anarudi.

“Nioneshe,” alisema.

Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Scholastika alimwinulia kidevu taratibu, kama mtoto anayenyolewa. Ndipo kitenge kikatokea, zambarau kama alivyosema, na mtama umemwagika juu yake. Waliosimama pembeni aliwaona. Walijipanga ukingoni mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake, kama walinzi wa bonde lao kila mmoja juu ya dungu lake, na hakuna aliyerusha. Wachache walikuwa wameingia katikati, wametawanyika, wamezungukwa.

“Bado wamesimama,” alisema.

“Wako kama walivyokuwa siku ile tulipokata, mzee,” Scholastika akajibu. “Hawabadiliki tena.”

Siku ile. Siku ile Evodia alikuwa na nguvu, na alikuwa anawatania manesi. Hawa walikuwa naye. Walikuwa wa kwake, walikula alichokula, walipanda naye dungu, na walipomwona adui walikwenda, hata kama mkono wao ulishikwa. Calist aliwatazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipoinua kichwa, jicho moja lilikuwa limelowa na jingine limekunjamana kwa kufumbwa.

“Hawa mtawaamsha?”

“Hawa hapana, mzee,” daktari akasema. “Hawa wamekwisha. Wa watu wengine, labda. Siwezi kukudanganya, sijui lini.”

Calist aliitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilimtosha kuliko ahadi. Akakirudisha kile kidude kwenye kiganja cha Scholastika, akavikunja vidole vya binti juu yake.

“Fanyeni kazi,” alisema.

Nyumbani alimkuta Evodia ameegemezwa kwenye mito, macho mlangoni.

“Umerudi na nini?”

“Sikurudi na kitu.”

Evodia akafumba macho. Calist alidhani amechoka, kumbe anatabasamu. Akamwita karibu, kwa sababu sauti ile iliyofika mwisho wa bonde sasa haikufika hata ukutani, akamwambia neno la kuwajibu watu. Akamfanya alirudie hadi akaridhika kwamba hajaruka kitu. Baada ya hapo aliomba uji, akaunywa kidogo, akauliza kama uwele umeanza kuinama.

Alifariki kabla haujavunwa. Asubuhi ya mazishi walinzi wa bonde zima walishuka kwenye madungu yao wakaja, wote, hata Febronia ambaye shamba lake lilikuwa limeiva. Ndege walikula watakavyo siku hiyo, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Jeneza lilipofikishwa kaburini nyuma ya zizi, Christopher, kaka yake Calist na mkubwa wa ukoo, aliinua mkono, waimbaji wakanyamaza.

“Calist,” alisema, “tunajua alikatwa mguu. Mila unaijua. Kiko wapi kile kilichokatwa? Tunamzika mke wetu amepungua?”

Watu wote walimgeukia mzee ambaye katika maisha yake hakuwahi kusema mbele ya watu. Aneth alimshika mkono, akitaka kumjibia. Calist akauondoa mkono wa binti yake taratibu. Alisogea hadi ukingoni mwa kaburi, akakohoa.

“Alisema nijibu hivi,” akaanza, na maneno ya mke wake akayatoa kama alivyofundishwa, bila kuongeza, bila kupunguza:

“Wakikuuliza, waambie sikupungua, niligawa. Halafu uwape watu chakula washibe, wasije wakasema nimekufa na mkono wa birika.”